Mpeleke Kabla Hajaumwa: Mwongozo Kamili wa Meno ya Mtoto kwa Wazazi wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miaka 4 jino lilipomkosesha usingizi. Saa 8 usiku shavu la kushoto lilikuwa limevimba, jicho limeanza kufumba, nami natafuta bodaboda wa kututoa Kiamunyi hadi mjini. Asubuhi jino liling'olewa. Lilikuwa limetoboka kwa miezi mingi na nilikuwa nimeliona, ila watu niliowaamini waliniambia ni jino la maziwa, litaanguka lenyewe, nami nikakubali.

Sasa nafundisha PP2, darasa la chekechea, na kila Januari watoto wapya wakinichekea mlangoni nakutana na jambo lile lile: meno manne ya mbele juu yamebaki vigutu vyeusi, na mzazi anasema yataota mengine. Ni kweli yataota. Lakini magego ya maziwa hukaa mdomoni mpaka mtoto afike miaka 10 hadi 12. Aliyetobokwa na gego akiwa na miaka 4 bado ana miaka 6 au zaidi ya kutafunia upande mmoja. Usaha ukikaa kwenye mzizi unaweza kuharibu jino la ukubwani linaloumbika papo hapo chini yake. Na gego likitolewa mapema, majirani zake husogea na kuziba nafasi, kisha jino jipya likifika halina mlango, linatokea pembeni.

Kwa hiyo lengo langu hapa ni moja: mtoto afike kwa daktari wa meno siku ambayo hana maumivu yoyote. Nitaeleza unavyofika hapo, kuanzia nyumbani.

Inua mdomo wa juu

Jino la kwanza hutoka karibu na miezi 6. Kuna wa miezi 4 na kuna wa mwaka mzima, usihangaike. Kati ya miaka 2 na nusu na 3 mtoto huwa na meno yote 20 ya maziwa. Tangu lile la kwanza, jizoeze jambo hili mara moja kwa mwezi: mlaze mtoto mapajani mwako, kichwa kikiegemea tumbo lako, washa tochi ya simu, na uinue mdomo wa juu kwa kidole mpaka uone ufizi. Futa meno kwanza kwa kitambaa safi, kwa maana mate huficha mengi.

Unachotafuta ni mstari mweupe uliofifia kama chaki, unaofuata ufizi kwenye meno ya mbele. Wengi hudhani ni uchafu wa maziwa. Ukifuta na hautoki, hapo jino limeanza kupoteza madini yake. Halijatoboka bado, na kwa mswaki mzuri, sukari kupungua na dawa ya kupaka ya daktari, linaweza kusimama na kupona. Ukiungoja mstari ule uwe wa manjano na kisha kahawia, umeshaingia kwenye habari za kuziba.

Ukimaliza mbele, mwangalie magego. Tafuta vishimo na weusi kati ya jino na jino. Ukiona kiuvimbe kama chunusi juu ya ufizi, hiyo ni njia ya usaha hata kama mtoto hajalalamika hata siku moja. Huyo apelekwe wiki hiyo hiyo.

Karibu na miaka 6, gego jipya hutoka nyuma kabisa ya yale ya maziwa, na hakuna jino linaloanguka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi hulihesabu kuwa la maziwa na kuliacha. Hilo ni la ukubwani. Hakuna jingine litakalokuja nyuma yake.

Maji unayopikia uji na chai

Hapa niwashike mkono wenzangu wa Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha, kwa sababu jambo hili ni letu. Miamba ya Bonde la Ufa hutia floraidi, madini ya asili, kwa wingi katika maji ya visima. Kidogo ya floraidi hulinda jino. Ikizidi wakati jino bado linaumbika ndani ya taya, jino linatoka na madoa meupe au ya kahawia, na hali ikiwa mbaya linakuwa na vishimo na kumeguka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na viko visima vingi huku vinavyokipita mara kadhaa.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inabaki na kukolea zaidi. Dawa ya klorini nayo inaua vijidudu tu, na kichujio cha kawaida cha mshumaa hakikamati floraidi. Ongeza kwamba majani ya chai yenyewe yana floraidi, na magadi tunayotia kwenye mboga za kienyeji na mahindi ili viive upesi huwa nayo tele. Mtoto anayekunywa chai ya maji ya kisima asubuhi na jioni, kisha akala mboga za magadi, anapokea kutoka kila upande.

Meno ya mbele ya ukubwani huwa hatarini zaidi katika miaka 3 ya kwanza, na hatari haiishi kabisa mpaka karibu miaka 8. Kwa hiyo fanya hivi. Kama unaweza kunyonyesha, mpe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6; floraidi kidogo sana ndiyo hupita kwenye maziwa ya mama, hata kama yeye mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Ikiwa mtoto anatumia maziwa ya kopo, usiyakoroge kwa maji ya kisima. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa: funga mifereji kwenye mabati, acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ukinge. Tenga mtungi mmoja wa maji hayo kwa ajili ya kunywa na kupikia wadogo tu, uyachemshe kama maji mengine kwa sababu ya vijidudu, na maji ya kisima yafue nguo na kuosha vyombo. Hata mtungi wa lita 20 unamsogeza mtoto siku kadhaa.

Kuna pia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hukamata floraidi. Jimbo Katoliki la Nakuru limeifanyia kazi njia hii tangu mwisho wa miaka ya 1990. Mkaa huo huchoka, hivyo ukinunua kichujio uliza unabadilishwa baada ya muda gani.

Na ikiwa meno ya mtoto tayari yana madoa, usiyasugue kwa jivu, limau, magadi wala msasa. Nimewaona watoto waliosuguliwa hivyo, jino limelainika na linauma wakinywa maji baridi. Madoa ya floraidi hayaumi, na kwa kawaida hufanana kushoto na kulia. Kuoza hakufuati mpango huo, na huwa na shimo au ulaini. Daktari anaweza kusugua madoa kitaalamu au kuyafunika mtoto akikua. Kwa sasa mlinde na masimango ya wenzake.

Walio Kisumu na pembeni mwa ziwa wana nafuu, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria yana floraidi kidogo. Kwao dawa ya meno yenye floraidi ina kazi kubwa zaidi.

Mswaki wa usiku ndio mkubwa

Mara 2 kwa siku, na wa usiku usikose kamwe, kwa kuwa mtu akilala mate hupungua na jino hubaki bila mlinzi. Chini ya miaka 3, tia dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Picha za matangazo zinazoonyesha mswaki umefunikwa mzima zimewadanganya watu wengi. Soma ubavuni mwa tyubu: tafuta namba kati ya 1000 na 1450 ppm. Kama unaishi penye maji ya floraidi nyingi, usiache dawa hiyo kwa hofu. Punguza kiasi, simamia asimeze, na umwambie daktari maji yako yanatoka wapi ili akupe ushauri wa hapo.

Piga wewe mswaki mpaka mtoto afike miaka 7 au 8. Mwache ajaribu kwanza, kisha umalizie. Simama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chako, mkono mmoja uinue mdomo, mwingine uzungushe mswaki taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Ateme povu, basi. Asisukutue kwa maji, ile dawa kidogo inayobaki ndiyo inayofanya kazi usiku kucha. Akilia, endelea kwa upole na umwimbie. Kilio cha dakika 2 nakivumilia kuliko kile cha saa 8 usiku.

Chupa ya uji, miwa, na saa nne

Kila sukari ikiingia mdomoni, vijidudu huitengeneza kuwa asidi, na mate huhitaji karibu nusu saa hadi saa nzima kuisafisha. Kwa hiyo mtoto anayenywa soda yote kwa mkupuo wakati wa chakula anaumia kidogo kuliko yule anayeionja tone tone kuanzia adhuhuri mpaka jioni. Mara ngapi ndilo swali, kabla ya kiasi gani.

Baya kuliko yote ni chupa ya kulalia. Uji wa wimbi uliotiwa sukari, chai ya maziwa, juisi: mtoto analala na chuchu mdomoni, kinywaji kinakusanyika kwenye meno ya juu, kinashinda hapo mpaka alfajiri. Ndiyo maana yale manne ya mbele huenda kwanza na ya chini hubaki, kwa sababu ulimi huyafunika. Mimi hivyo ndivyo nilivyomharibia wangu. Kumwachisha chupa fuata njia hii: usiku 3 punguza sukari nusu, usiku 3 mwingine usitie sukari, kisha anza kuongeza maji ndani ya uji mpaka ndani ya chupa mmebaki maji matupu. Akifika mwaka mmoja, mhamishe kwenye kikombe.

Miwa inanunuliwa njiani Muhoroni, Chemelil na Awasi, na watoto huitafuna mchana kutwa. Sikatazi. Iwe baada ya chakula, mara moja, kisha anywe maji. Na kwenye begi la shule, kwa saa 4 asubuhi, yai la kuchemsha, ndizi, kiazi kitamu, kipande cha hindi la kuchemsha au maziwa lala yasiyo na sukari vinamshibisha kuliko biskuti za krimu zinazonata kwenye magego hadi saa 7. Dawa za kikohozi za maji nazo mara nyingi zina sukari, basi mpe kabla ya mswaki wa usiku.

Daktari yupi, na wapi

Ziara ya kwanza ifanyike kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, au ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza. Wakati huo daktari hana la kung'oa. Anaangalia, anakufundisha, na mtoto anazoea chumba na harufu yake.

Daktari wa meno wa kawaida anatosha kwa watoto wengi: kukagua, kupaka floraidi, kuziba, kung'oa. Afisa wa afya ya kinywa ya jamii, ambaye utamkuta katika baadhi ya hospitali za serikali, naye hufanya sehemu kubwa ya kazi hizo. Bingwa wa meno ya watoto ni daktari aliyerudi chuoni kusomea watoto peke yao. Ni wachache nje ya Nairobi, hivyo weka safari yake kwa anayemhitaji kweli: mtoto chini ya miaka 3 mwenye matundu mengi, mwenye usonji au mtindio wa ubongo, anayehitaji kulazwa usingizi, au aliyeumia vibaya mdomoni. Mtoto wa ugonjwa wa moyo au wa damu kutoganda apangiwe mapema pamoja na daktari wake mwingine. Na kwa ndugu zetu wa Nyanza na Magharibi, ambako selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) ni ya kawaida, semeni mapema kabisa mapokezi kwamba mtoto ana selimundu. Maambukizi ya jino yanaweza kumwamshia maumivu ya mwili mzima.

Upande wa serikali, Nakuru kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ambayo wengi bado tunaiita PGH. Kisumu kuna Jaramogi Oginga Odinga, wenyeji wanaiita Russia. Kakamega ina hospitali yake ya rufaa, na Eldoret kuna Moi. Hizo ni nafuu, ila foleni huanza mapema, nenda saa 1 asubuhi. Kliniki binafsi ni za haraka zaidi. Kabla ya kuingia kokote, ingia kwenye tovuti ya KMPDC, baraza linalowapa madaktari leseni, utafute jina la daktari na uone kama leseni yake ni ya mwaka huu. Mtu anayeng'oa meno chumba cha nyuma cha duka sokoni hayumo humo.

Kwa simu uliza mambo haya: kumwona daktari peke yake ni pesa ngapi, picha ya eksirei ni ngapi, kuziba jino moja la maziwa ni ngapi, na je, mnawaona watoto wa umri huu kila siku? SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hiyo usitegemee uliyoyajua zamani. Uliza kituo hicho hicho wanalipiwa nini na utalipa nini mwenyewe. Bima ya kazini mara nyingi ina kiasi chake cha meno kilichotengwa, nacho huisha na mwaka.

Siku ya kwanza kitini

Chagua asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na amelala vizuri. Nyumbani mwambie, "Daktari atahesabu meno yako." Hayo yatosha. Usimwahidi kwamba hataumia, kwa sababu umeshalitaja neno kuumia. Na tabia ya kumtishia mtoto mtundu kwamba atapelekwa kudungwa sindano, tuiache leo. Mtoto unayemtishia leo ndiye utakayemwomba kesho afungue mdomo.

Mtoto chini ya miaka 3 huangaliwa goti kwa goti. Wewe na daktari mnakaa mkitazamana, magoti yamegusana, mtoto amekukalia akikutazama wewe, miguu imekuzunguka kiuno. Kisha anashushwa chali mpaka kichwa kilale mapajani pa daktari, nawe umemshika mikono. Atalia pengine, na hilo halina neno, mdomo umefunguka na anakuona. Mkubwa kidogo hukaa kitini, na daktari anayejua watoto humwonyesha kila kifaa kwanza: "Huu ni upepo, hebu tuupulize mkononi." Ukimwona daktari anamkaba mtoto kwa kazi isiyo ya dharura bila kukueleza, una haki ya kusema tusimame hapa.

Nenda na kitabu cha kliniki, majina ya dawa anazotumia, na jibu la swali kuhusu maji ya nyumbani. Kabla ya kutoka, andika tarehe ya kurudi. Kwa kawaida ni miezi 6, na kwa mwenye matundu ni 3.

Utakayosikia daktari akiyataja

Vanishi ya floraidi hupakwa kwa brashi ndani ya dakika chache, haina sindano. Dawa ya maji yenye madini ya fedha husimamisha kuoza bila kuchimba. Huacha doa jeusi pale palipooza, na kwa mtoto mdogo asiyeweza kukaa kitini mimi ningeikubali. Kuziba mifereji ya magego ya ukubwani hufanywa yakishatoka, karibu na miaka 6 na tena karibu na 12, na ni kati ya matumizi mazuri zaidi ya pesa yako. Gego la maziwa lililooza sana linaweza kuvishwa kofia ya chuma likadumu mpaka wakati wake wa kuanguka. Likilazimika kung'olewa mapema, uliza juu ya kifaa cha kushikilia nafasi.

Akichomwa ganzi, mkae macho kwa saa 2 au 3 baadaye. Mdomo uliokufa ganzi humvutia mtoto, anautafuna bila kusikia, na jioni unamwona umevimba na kuchubuka. Asile mpaka ganzi iishe. Baada ya kung'oa, aume pamba dakika 20 hadi 30, asisukutue siku hiyo, asinywe kwa mrija.

Meno ya plastiki

Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, kuna wanaosema ana meno ya plastiki, au ya nailoni, na ufizi unachimbwa kwa kisu au waya. Ule uvimbe mweupe ni chonge lake halali linaloumbika. Kulichimba kumeleta damu nyingi, maambukizi mabaya, na meno ya ukubwani yaliyotoka yamepinda au hayakutoka kabisa. Anayeharisha anahitaji ORS (dawa ya unga ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini) na zinki kutoka kituo cha afya. Bibi, yaani dani au kukhu, akishauri hivyo, ni kwa mapenzi; mpeleke naye hospitalini, amsikie muuguzi kwa masikio yake.

Usiku wa dharura

Kwa maumivu, mpe paracetamol ya watoto kwa kufuata uzito wake. Usimpe aspirini aliye chini ya miaka 16, wala usiiweke juu ya jino, huunguza ufizi. Usimpe antibiotiki zilizobaki za mwaka jana. Uvimbe ukifika jichoni au chini ya taya, homa ikipanda, akishindwa kumeza mate au kufungua mdomo, usingoje kuche. Ni kwenda hospitali ya rufaa usiku huo huo.

Jino likiruka kwa kuanguka, kwanza jua ni la aina gani. La maziwa halirudishwi, ukilirudisha unaumiza lililo chini. La ukubwani lishike kwa upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, ulirudishe shimoni mara moja na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi. Pakiti ya nusu lita kutoka duka la karibu inafaa kabisa. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua, na ikipita saa moja matumaini yanapungua sana. Kwa hiyo panda bodaboda na kikombe chako, na umpigie daktari ukiwa njiani ili akuandalie kiti.